Maswali ya Wasomaji: Nitembee Wapi Mwanza Nione Vitu Vizuri?

Mwezi huu meseji nyingi zimezunguka jambo moja, kutembea mjini kwa miguu, kwa hiyo nimechukua moja ndefu niijibu kwa nafasi halafu zile fupi nizimalizie chini.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 26, nimetokea Dodoma, nimekuja Mwanza kikazi, sasa nina miezi saba hapa, naishi Nyakato. Kila siku ni daladala asubuhi kwenda mjini na daladala jioni kurudi, Jumapili nafua na kulala. Watu wananiambia Mwanza pazuri lakini kila nikiuliza pazuri wapi naambiwa Jiwe la Bismarck na mall, nimeshaenda kote nimepiga picha basi. Mi napenda vitu vizuri, vitu vya mikono, rangi rangi, misosi ya mtaani, ila mshahara wenyewe mdogo na sina mwenyeji wa kunizungusha. Nianzie wapi? (Msomaji wa Nyakato)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na karibu Mwanza, nakukaribisha upya hata kama una miezi saba maana kwa unavyoeleza mji hujaingia bado, umekuwa ukiupita dirishani tu. Mimi nimezaliwa Kirumba nikakulia Kirumba, na nakwambia kwa uhakika uzuri wa huu mji haujawekwa sehemu moja ukalipie kiingilio, umetapakaa kwenye vitu ambavyo watu wanavitumia kila siku, taa, ngazi, baiskeli, mtumbwi, sahani ya ugali, na hivyo vitu ukiwa kwenye daladala huvioni, lazima ushuke utembee, tena taratibu, tena ukisalimia watu. Salamu usiidharau. Ukimkuta mama mtu mzima kakaa na kikapu chake mwambie kwa Kisukuma "mwangaluka mayu" asubuhi, mchana ukifika sema "mwadila", utaona uso wake unavyofunguka, na huyohuyo ndiye atakayekuonesha kitu ambacho ungekipita.

Anza Jumamosi. Toka saa kumi na mbili na nusu jua halijawa kali, vaa raba, beba maji na hela ndogondogo, maana noti kubwa kwa muuza mihogo asubuhi ni kumtesa. Ukifika mjini nenda Kamanga pale kwenye kivuko. Jiwe la Bismarck umeshaliona, leo lipe mgongo uangalie watu wanaoshuka kutoka upande wa Sengerema na mizigo yao. Mwezi uliopita nilisimama pale nikaona baiskeli moja imebeba madumu ya maziwa, manne nyuma na mawili pembeni, na mwenyewe anaisukuma bila wasiwasi wowote. Nikamsalimia nikamwomba niangalie. Keria ilikuwa imeongezwa kwa miti miwili iliyochongwa vizuri, imelala sambamba, na kila kitu kimefungwa kwa mikanda ya tyubu iliyochoka, imechanwa upana wa kidole, ikazungushwa mara nyingi ikikatiza yenyewe kwa yenyewe kama ukili. Hakuna skrubu, hakuna waya. Akanionesha fundo la mwisho, akalivuta mara moja dumu likawa huru, akalirudisha kwa sekunde. Kwenye madigadi ya mbele alikuwa ameweka kipande cha tairi alichokikata umbo la kopa, katikati kabandika kioo chekundu cha kuakisi taa. Nikamuuliza hiki kina kazi gani, akasema kinazuia tope, na kopa je, akasema "sasa dada si lazima kipendeze?" Nimekaa na hilo jibu mwezi mzima. Na miguuni alikuwa na katambuga, vile viatu vya tairi, ukiviangalia kwa karibu zile alama za tairi bado zipo kwenye soli, yaani kilichozuia gari lisiteleze sasa kinamzuia yeye.

Kutoka Kamanga pandisha kuelekea mnara wa saa. Pale kuna kibao kinachosema Speke, yule mpelelezi Mwingereza, aliona maji ya ziwa kutoka kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Soma, lakini ukumbuke siku hiyo kulikuwa na watu ufukweni wanavua na kuanika samaki, ziwa lina jina lao, Nyanza, hilo la Victoria ni la malkia wake. Endelea, usikae hapo sana.

Halafu ingia mitaa ya kati, Rwagasore, Lumumba, Pamba, na hapa nakuomba unyanyue kichwa. Chini ni maduka na mabango, ila ghorofa za juu za yale majengo ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi zina mambo yake, vibaraza, nondo zilizopindwa maua, matofali yenye matundu ya kupitisha upepo, na mengine mwenye nyumba kaandika mwaka aliojenga kule juu kabisa. Yale matundu nimeyapenda tangu utoto, jua la jioni likipita unaona maua ya mwanga ukutani ndani. Sasa hivi wengi wanayaziba wanaweka eisii, inaniuma, maana upepo wa ziwa ni wa bure na yule fundi wa zamani alikuwa ameshaufanyia hesabu.

Sasa Makoroboi. Hapo ndo nataka ukae. Jina limetokana na koroboi, ile taa ndogo ya mafuta ya taa ambayo kwenu Dodoma nadhani mnaiita kibatari, watu walikuwa wanazitengeneza pale kwa makopo chini ya yale majabali. Umeme umefika mbali siku hizi na wauzaji wamehamahama lakini mafundi bati mjini bado wapo, wanatengeneza majiko, makarai, vipakulio, na ukiwa na bahati utamkuta anayepiga koroboi. Mimi nilimkuta mmoja nikakaa naye karibu saa nzima. Anachukua kopo la maziwa, analipasua kwa mkasi wa bati, analinyoosha kwa nyundo ya mti ili lisibonyee. Kizibo na mwili wa taa anaviunganisha kwa kukunja pindo, bati linaingia ndani ya bati kama upindo wa sketi, halafu anagonga polepole akilizungusha juu ya kipande cha reli mpaka mshono unalala kabisa, mafuta hayatoki hapo. Kile kimrija cha utambi anakiviringisha kwenye msumari mnene. Mkono wa kushikia ni mkanda mwembamba wa bati na kingo zake zimekunjwa ndani zisimkate mtu. Kilichonifurahisha ni picha ya kopo, kaiacha kwa nje, ng'ombe wa maziwa kasimama kwenye nyasi kijani, tena kwa kupanga, akakata pembeni ili kichwa cha ng'ombe kisije kikaangukia kwenye mshono. Nikanunua mbili. Moja iko dirishani jikoni kwangu, umeme ukikatika naiwasha.

Kwa hiyo mdogo wangu ukikuta fundi usiulize bei kwanza, uliza "hii unaitengenezaje", kaa pembeni usizuie wateja, na ukiondoka nunua kitu hata kipakulio, maana saa yake umeitumia.

Baada ya hapo unapanda mlima, na mlima wa Mwanza ni mawe. Hayo majabali ni graniti, umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5, na hakuna mtu aliyeyapanga vile, yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi ukawa na nyufa, maji yakapita kwenye nyufa yakala pembe taratibu, udongo ukaja kusombwa, yakabaki mawe ya mviringo yamepandana kama mtu kayaweka kwa mkono. Wanajiolojia wanavutiwa na hilo, mimi navutiwa zaidi na watu waliojenga juu yake. Panda Isamilo mara ya kwanza, Bugarika na Igogo uende ukishapata mwenyeji. Utakuta nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ni jabali lenyewe, fundi kajenga kuta tatu tu akaishia kwenye jiwe akaziba kwa saruji kufuata mbonyeo wake. Utakuta ngazi ambazo nusu ni za saruji nusu zimechongwa kwenye mwamba, kila moja na kimo chake kwa sababu aliyejenga alifuata jiwe linavyotaka, na pale penye kona kali mtu kaweka bomba la maji chakavu liwe la kushikia, limeng'aa kwa mikono ya watu. Maua yamepandwa kwenye ndoo za rangi na masufuria yaliyotoboka. Kanga zimeanikwa juu ya jiwe maana jiwe la saa tano linakausha kuliko kamba.

Na mjusi. Angalia mjusi kafiri wa kule juu, dume lina kichwa na mabega ya rangi kama waridi iliyokolea na mwili wa bluu mpaka mkiani, linapiga pushapu juu ya jabali likijionesha. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani limeitwa kwa huu mji wetu, tangu 1923. Watoto wanalipiga mawe na mimi huwa nasimama nawaambia, mkimuua huyu mnaua jina la kwenu, wengine wananisikiliza.

Jambo moja muhimu, hizo njia za mlimani nyingi zinapita uani kwa watu. Piga hodi, salimia, sema unapita. Usitoe simu kuchungulia maisha ya mtu anayefua.

Kula sasa. Usisubiri kushuka, njiani utakuta mihogo ya kukaanga na kachumbari na pilipili ya kusaga, kula hapohapo umesimama. Kama ni kiangazi baada ya mavuno ya viazi ulizia matobolwa na michembe, hivi ni vya Wasukuma na wageni wengi wanavichanganya. Matobolwa kiazi kinachemshwa kwanza ndo kinakatwa kinaanikwa, unatafuna hivihivi na chai au karanga, kigumu kidogo halafu utamu unakuja taratibu mdomoni kama wa tende. Michembe inakatwa mibichi inaanikwa, hiyo lazima uipike. Bibi yangu alikuwa anaanika juu ya jabali nyuma ya nyumba na sisi kazi yetu kufukuza kuku, mpaka leo nikinusa kiazi juani narudi pale.

Mchana tafuta mamantilie, sio mgahawa wenye viyoyozi, mamantilie, ukae kwenye benchi. Agiza sato na ugali wa muhogo, ule wenye rangi ya kijivujivu unaovutika, kama haujauzoea anza na nusu. Angalia samaki kabla hajaingia kwenye mafuta, anayejua kazi anamchanja mikato ya mshazari pande zote mbili, chumvi inaingia mpaka mfupani na nyama inaiva sawa, mikato inakaa kwa nafasi ileile moja baada ya nyingine na mkono wala hausiti. Akiiva ile mikato inafunguka kama ua, pembeni kunakuwa kukavu katikati kulaini. Hiyo sahani ukiongeza ndimu na pilipili nzima hakuna mpishi wa hoteli atakayeniambia kitu.

Ukimaliza rudi nyumbani ulale. Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki, uiache wiki nyingine, yenyewe inataka asubuhi yake.

SWALI: Dada, mimi napiga picha kwa simu naziposti, nataka kwenda Mwaloni kupiga mitumbwi na samaki ila juzi nilifokewa na kinamama nikaondoka. Nilikosea wapi? (Kaka wa Nyegezi)

JIBU: Kaka yangu ulikosea kutoa simu kabla ya kutoa mkono. Pale watu wako kazini tangu alfajiri, mama yuko na ungo wa dagaa anahesabu hasara na faida, wewe unamlenga kamera usoni kama kivutio. Nenda mara ya kwanza bila kupiga hata picha moja. Nunua dagaa wa kukaanga, zungumza, mara ya pili watakuita wenyewe. Bandari, kivuko na askari usipige bila ruhusa.

Na ukipata ruhusa usikimbilie sangara mkubwa, kila mtu ana hiyo picha. Muombe fundi anayetengeneza mtumbwi. Ile mitumbwi ya mbao ni mbao zilizopigiliwa misumari, katikati ya mbao na mbao kunabaki uwazi, hapo ndo fundi anatia kalafati, anasokota pamba anaishindilia kwa patasi butu na nyundo, tok tok tok, pamba ikilowa inavimba inaziba. Hebu fikiria, pamba ya Usukuma ndo inazuia ziwa lisiingie. Halafu angalia omo, ile sehemu ya mbele ya mtumbwi, pale wanapochora, jicho, nyota, jina la mtoto, maneno ya Mungu, rangi ya bluu na nyekundu vimekolezwa kwenye mbao zilizochubuka. Piga mkono wa fundi na ile pamba, picha hiyo itakaa.

Usiingie majini kwenye matete kutafuta engo nzuri, konokono wa pale wanabeba kichocho.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi mama wa nyumbani Igoma, dagaa nikinunua siku moja wazuri, siku nyingine mchanga mtupu, na bei inapanda inashuka sielewi. Naomba unisaidie. (Mama Igoma)

JIBU: Marahaba mama, swali hili nalipenda kwelikweli. Dagaa wa hapa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi wengi wana balbu za betri na sola, taa inawaita dagaa wanajikusanya chini yake ndo nyavu zinapita. Sasa mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, dagaa wanatawanyika, wavuvi wengi wanapumzika. Ndo maana wavuvi wanahesabu giza na mbalamwezi, na mbalamwezi ikiingia sokoni bei inapanda. Kama unanunua kwa sado, lile kopo la rangi la lita 4, nunua ya kutosha wakati wa giza.

Kuhusu mchanga, uliza "wa chanja au wa chini?" Wa chanja wanaanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa kwenye miti, upepo unapita chini na juu, wanatoka safi. Wa chini wanaanikwa mchangani, na mchanga huo unaumaliza wewe kwa meno. Chukua wachache kiganjani sugua, ukisikia chengachenga rudisha. Dagaa mzuri anang'aa fedha mpaka tumboni, tumbo halijapasuka, ukimkunja anakatika. Akikunjika hajakauka, akiwa na umanjano na harufu ya mafuta ya zamani huyo kanyeshewa, masika hutokea sana, waachie wafuga kuku. Bei ya chanja iko juu kidogo lakini hutupi kitu.

SWALI: Mimi mwalimu wa msingi Magu, nataka kuwapeleka wanafunzi waone mambo ya asili yetu. Saanane au Bujora? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, watoto watafurahia boti na pimbi, ila kwa ulichouliza nenda Bujora, makumbusho ya Wasukuma, kwanza iko Kisesa kabla hujafika mjini. Waoneshe ngoma za watemi, na lile jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, waambie wakae chini wakichore kwa penseli kabla hawajaingia. Kama ratiba inaruhusu, nendeni Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma, Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana kucheza na mavazi wanayovaa siku hiyo ni darasa tosha.

SWALI: Habari dada. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, alikuwa anapenda sana kutembea, sasa milima haiwezi na nyumbani Buswelu anachoka akili. Kuna pa kumpeleka jioni pasiwe na kupanda wala gharama? (Baba kijacho)

JIBU: Hongera sana baba, na Mungu amfungue salama. Mpeleke Igombe ufukweni. Lakini chagua siku, usiende mbalamwezi. Muulize jirani yako Mwislamu leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu, akikwambia kuanzia 25 mpaka kama 5 hivi basi ni giza, nendeni. Fikeni saa kumi na moja na nusu, mtafutie kiti chenye egemeo kwa mama yeyote anayeuza chai pale, mnunulie mahindi ya kuchoma, mkae muangalie mitumbwi ikitoka mmoja mmoja na jua linazama. Giza likiingia vizuri zitaanza kuwaka zile taa za dagaa, moja, tatu, kumi, mpaka ziwa lote mbele yenu linakuwa kama mtaa umewashwa juu ya maji, na kila taa pale ni watu wanne watano wanatafuta riziki. Chukua kanga ya pili umfunike mabegani, upepo wa saa mbili una baridi. Na bodaboda akawasubiri, asiende mbali.